Matanga ya Gidudu, Naye Amekaa Kiti cha Mbele

Siku Wasike, dereva wa lori, alipompigia Kagoya simu, mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi kama mlevi, na kosa lote lilianzia hapo.

"Mama Lillian! Mzee wako amerudi! Nimepaki lori hapa Mbale, nimemwona kwa macho yangu. Lakini amebadilika kabisa, sasa ni mtu wa Bud... wa Bud..."

"Wa wapi?"

"Wa Budha, mama! Budha!"

Simu ikafa.

Kagoya alikuwa jikoni kwa Hansaben, tajiri wake, mjini Jinja, mikono imejaa unga wa chapati. Na mtu wa pande hizi akisikia jina linaanza na Bu, haulizi mara mbili, hapo pametajwa mahali. Budondo alikozaliwa yeye ni mahali. Bugembe ni mahali, Busia ni mahali, Budaka ni mahali. Na juu ya Mbale, mlimani, kuna Bududa, penye kahawa nzuri, migomba mizuri, na, kuanzia dakika ile, kwa maoni ya Kagoya, wanawake wasio na haya hata kidogo.

Basi Gidudu amerudi, na amerudi na mke wa Bududa.

Gidudu alikuwa mume wake. Lillian alipozaliwa, kitovu hakijakauka, Gidudu aliamka alfajiri akasema anakwenda Malaba kutafuta kazi ya utingo. Akavaa shati lake la mistari, akatoa betri kwenye tochi ya nyumba, akazitia kwenye redio yake, akaondoka na redio. Kagoya alibaki na kichanga mkononi na tochi tupu, ndani ya nyumba ya Nabuyonga, pale Mbale, ambayo kuta zilikuwa zimefika madirishani tu. Siku hizi Lillian ameolewa Tororo na ananyonyesha mtoto wake mwenyewe. Katikati ya kichanga yule na kichanga huyu, Gidudu hakuleta hata salamu.

Nyumba ile Kagoya aliimaliza mwenyewe kwa mshahara wa jikoni. Kiwanja ni cha Gidudu, alipewa na baba yake, lakini kilichosimama juu yake ni jasho la mwanamke. Alipanda darini na fundi, akashika nyundo kwa mkono wake, na kila msumari aliugonga akiwa amelitaja jina la Gidudu kwanza. Ndiyo maana bati za nyumba ile hazijawahi kung'oka kwa upepo. Vyumba alivipangisha, na nyumba alikuwa anamwekea Lillian, ili siku ndoa ya Tororo ikiharibika mtoto wake asije akaosha sufuria za watu.

"Hansaben," alisema akipangusa mikono, "naomba ruhusa. Naenda Mbale kumpiga mtu."

Hansaben alikuwa mjane wa Kihindu, mzee kidogo kuliko Kagoya. Wazazi wake walifukuzwa nchini enzi za wanajeshi yeye akiwa msichana, akarudi Jinja na mvi kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimerudi pamoja naye kikiwa na mikunjo ya sanduku.

"Utampiga nani?"

"Simjui bado. Yuko Bududa."

"Piga. Lakini Jumanne rudi, wageni wa hekalu watakuja."

Kagoya alisaga pilipili kichaa, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda.

*

Alipofika Nabuyonga hakusalimu mtu. Aliingia chumba kimoja baada ya kingine, wapangaji wakamtazama akiinama chini ya vitanda vyao.

"Mama Lillian, unatafuta panya?" aliuliza Magidu, mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliyekuwa amekuja kuona ajabu ya siku.

"Namtafuta mke mwenzangu."

"Hapa hakuna mke, labda uniambie yule ni nini." Akaelekeza kidole barazani.

Barazani alikaa mtu amejifunga shuka la rangi ya jani la mgomba lililokauka, bega moja wazi. Kichwa kimenyolewa kiasi kwamba jua lilijitazama humo. Na nyusi pia hakuwa nazo! Kagoya alimtazama mara mbili ndipo akayaona yale masikio. Masikio ya Gidudu yalikuwa makubwa, hayanyoleki.

Pembeni yake alikaa kaka yake mkubwa, Wamono, mkuu wa ukoo, mtu wa kuitikia kila neno ambalo lingemletea chakula.

"Karibu, dada," alisema Gidudu kwa sauti laini.

"Dada!" Kagoya akashika kiuno. "Tangu lini? Lillian tulimpata kwenye undugu?"

Akampa mkono. Gidudu akarudisha wa kwake ndani ya shuka. "Samahani. Mtawa hagusi mwanamke."

"Ungeanza utawa huo mapema, tungepumzika wote. Mwanamke wako wa Bududa yuko wapi?"

Wakamkalisha chini wakamweleza, na maelezo yakachukua muda, kwa sababu Magidu alikuwa anacheka. Hakuna Bududa. Budha si kijiji, ni mwalimu wa zamani kule Asia, na wanaomfuata wako mamilioni. Gidudu alivuka Malaba na malori, akafika Mombasa, akapata meli, akapakua mizigo Bangkok mpaka polisi wakamkuta hana karatasi. Alipotoka kifungoni, mgonjwa, watawa wakampokea, wakamlisha, na yeye akanyoa kichwa.

"Sasa bwana," Magidu alimuuliza, "hiyo dini yenu, Mungu wake ni yupi?"

"Mwalimu hakufundisha habari za muumba. Alifundisha kweli nne. Maisha yana mateso. Mateso yanatoka kwenye tamaa. Tamaa ikizimwa, mateso yanakoma. Na iko njia ya kuizima."

"Astaghfirullah," alisema Magidu, lakini akasogeza kiti karibu.

"Na wewe umeizima?" aliuliza Kagoya.

"Najitahidi."

"Basi Nabuyonga umerudi kufuata nini?"

Gidudu akatazama bati za nyumba, na hapo Kagoya akajua jibu kabla halijatoka. Alitaka nyumba. Si kwa ajili yake, alisema, yeye hana tena cha kwake, ila kwa ajili ya watu wote. Vyumba vibomolewe, iwe sehemu moja kubwa ya kukaa kimya na kutafakari. Wapangaji watoke mwisho wa mwezi. Kaka amekubali.

"Nimekubali," alisema Wamono. "Wafadhili watajenga na jiko."

Mkono wa Kagoya ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kitenge. "Ulituacha mimi na mtoto wa siku nne," alisema. "Unajua tulikula nini?"

Gidudu alifumba macho, kisha akasema neno lile ambalo kwake lilikuwa hekima na kwa Kagoya lilikuwa kibali. "Dada, Gidudu aliyekuacha hayupo tena. Mtu ni kama mwali wa taa. Mwali wa jioni si ule wa alfajiri, ingawa taa ni ileile. Usimkasirikie asiyekuwepo. Hata Mwalimu aliondoka mtoto wake akiwa amezaliwa tu."

Kagoya akaachia pindo. Pilipili inaumiza macho kwa saa moja, na yeye alitaka kitu cha kudumu.

Alikwenda jikoni kwa mpangaji, akarudi na sahani ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa kwa karanga, ambayo Gidudu wa zamani alikuwa akiyala mpaka anachovya vidole kwenye sufuria. Akamwekea mbele. Gidudu akameza mate, akaisogeza sahani kwa heshima.

"Baada ya adhuhuri sili mpaka kesho asubuhi. Ni sharti letu."

"Pole," alisema Kagoya, na safari ile alikuwa anajifunza.

*

"Huyo Budha ni mtu wetu!" alisema Hansaben Jumanne, wote wawili wakisukuma chapati za wageni. "Alizaliwa mwana wa mfalme, chini ya milima mikubwa, katika watu wenye mila zetu. Siddhartha, jina lake. Akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, akaona mtu mmoja aliyeacha dunia na uso wake umetulia. Basi usiku, mke amelala na mtoto mchanga, yeye akapanda farasi akaenda."

"Na mke?"

"Mke akaamka."

"Gidudu amesoma mpaka hapo pa farasi, akafunga kitabu."

Hansaben akacheka mpaka miwani ikapata unga. "Sikia. Sisi na wao ni kama ndugu wa tumbo moja waliogombana. Wote tunasema tendo lako linakufuata, ndiyo karma. Wote tunasema ukifa unazaliwa tena, na tena, na kazi kubwa ni kutoka kwenye huo mzunguko. Lakini Budha alikataa vitabu vyetu vya Veda. Alikataa makuhani wetu na samli yao ya kumwaga motoni. Akasema hakuna anayezaliwa juu na mwingine chini, mtu ni matendo yake. Hapo mimi nampa haki, ingawa mama mkwe wangu angenisikia angenipiga na huu mti wa chapati. Wengine kwetu wanasema ni Vishnu mwenyewe alikuja duniani kwa umbo lake. Ukimwambia hivyo mtu wa Budha, anakasirika kimyakimya."

"Na hilo la kusema hayupo?"

"Ah! Hapo ndipo ugomvi. Sisi tunasema ndani yako kuna atman, nafsi. Haifi, haiungui. Inavua mwili kama wewe unavyovua gauni, inavaa mwingine. Budha akasema, haya, vua gauni, vua na lingine, vua mpaka mwisho, uone kama utamkuta mvaaji."

"Kwa hiyo kwenu Gidudu angekuwa yupo."

"Kwetu yupo, na deni lake la matendo anatembea nalo."

Kagoya alifikiri. "Na kwenu mwanamume anaweza kumwacha mke akaenda kutafuta utakatifu?"

"Anaweza, lakini kwa zamu! Kwanza ni mwanafunzi. Halafu mwenye nyumba, azae, alee. Akiona mvi na wajukuu, anaanza kujitenga. Mwisho kabisa anaacha vyote, anaitwa sanyasi. Mume wako ameruka madarasa." Hansaben akageuza chapati. "Na siku ya kuwa sanyasi anajifanyia matanga yake."

Mti wa Kagoya ukasimama juu ya donge. "Anajifanyia nini?"

"Matanga. Akiwa hai. Sadaka ya maiti yake anaitoa kwa mkono wake. Kuanzia hapo ni marehemu anayetembea. Hana mke, hana jina, hana shamba. Mali imekwenda kwa watoto." Akamtazama Kagoya usoni, akashtuka. "Lakini hiyo ni ya kwetu, si ya Budha! Usichanganye!"

"Mimi ni Mprotestanti wa Budondo, Hansaben. Nikichanganya nani atanilaumu?"

"Kagoya, ukifanya kwa hasira, hasira nayo ni tendo. Itakufuata. Utazaliwa nyoka."

"Nyoka si anauma?"

"Anauma."

"Basi sijaona hasara."

*

Alirudi Mbale na sauti ya asali. Aliwaita Wamono na Magidu barazani, akapiga magoti mbele ya Gidudu kama mwanafunzi.

"Bwana mtawa, nilikuwa mjinga. Lile fundisho lako limenigusa. Naomba ulirudie mbele ya wazee, walisikie vizuri. Gidudu mwana wa ukoo huu, aliyepewa kiwanja hiki na baba yake, ndiye wewe?"

Gidudu alifurahi. Hakuna mtu Nabuyonga aliyekuwa amemuuliza swali la dini, walimuuliza tu kama Bangkok simu ni rahisi. Akanyoosha mgongo.

"Si yeye," alisema kwa sauti kubwa. "Wala si mwingine."

Ile nusu ya pili aliisema polepole, kama inavyotakiwa na mafundisho, na Kagoya akaipigia kikohozi.

"Mmesikia? Si yeye. Basi Gidudu yuko wapi?"

"Amekwisha kupita."

"Chairman, mtu aliyepita sisi tunamfanyaje?"

Magidu alikuwa mjanja, aliliona shimo na majani yaliyolifunika. Lakini na yeye alikuwa ameona mwanamke huyu akibeba tofali na mtoto mgongoni. "Tunamfanyia matanga," alisema, "na tunamsimamisha mrithi wake."

Wamono akafungua mdomo kupinga. Kagoya akamgeukia. "Shemeji, nitachinja ng'ombe. Mguu mzima wa nyuma ni wa mkuu wa ukoo. Na jiko la wafadhili wewe ulikuwa umeliona wapi?"

Wamono akafunga mdomo, akaanza kutafuna tangu siku ile.

Kilichomuudhi Kagoya ni kwamba Gidudu hakukasirika. Alitabasamu! Alisema ni tafakuri nzuri ya kifo, kwamba watawa wengine hukaa makaburini kwa ajili hiyo, na kwamba atakuja kuwaombea. Kagoya alilala nalo tabasamu hilo rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Alitaka nyumba, ndiyo. Lakini alitaka pia aumie. Nyumba bila maumivu yale ilikuwa kama chai bila sukari.

Akaenda Budondo kwa kaka zake watatu. Wale tangu zamani walikuwa wameapa kwamba siku watakayomwona Gidudu watamfundisha kutembea upya.

"Gidudu amekufa huko Asia," aliwaambia. "Njooni matangani. Lakini akitokea mtu yeyote akasimama na kusema yeye ndiye Gidudu, maana yake ni kwamba hajafa, na hapo mimi siwezi kuwazuia."

Walikuja na fimbo za kutembelea, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kilema.

*

Siku ya matanga Nabuyonga nzima ilikuja. Walijua marehemu ni yupi na amekaa wapi, na kwa sababu hiyo hasa hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Wasike alileta viti na spika kwenye lori, akajifanya mshereheshaji.

"Mabuda na mamama, tafadhali tukae!" alitangaza kwa lugha ya madereva, ambamo buda ni mzee. "Buda wa Budha, wewe kaa hapa mbele, kiti cha heshima."

Mezani palikuwa na picha ya Gidudu amevaa shati la mistari, na nyusi zake nene zote mbili. Kaka za Kagoya waliitazama picha, wakamtazama mtawa, wakaona hakuna kufanana. Walidhani ni padri wa madhehebu mapya, hayo hayaishi.

Kagoya alishika kipaza sauti.

"Marehemu mume wangu alipenda familia," alianza, na watu wakainamisha vichwa kuficha meno. "Aliipenda kiasi kwamba hakutaka kuichosha kwa kumwona kila siku. Alikuwa mwepesi wa miguu. Alikuwa na huruma kwa vitu visivyo na uhai: redio yake aliipa betri za tochi, mtoto akalia gizani, lakini redio ilifika Malaba ikiimba. Mtoto alipougua surua, marehemu hakuwepo. Aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, hakuwepo. Alipoolewa, alitolewa na kaka yangu, kwa kuwa marehemu hakuwepo. Kwa kweli kutokuwepo alikuanza mapema, kabla hajajua kama ni dini."

Watu wakapiga makofi. Matangani, makofi! Gidudu alikaa ameshika bakuli lake, macho chini, utulivu umemwagika usoni kama mafuta. Kagoya alimchungulia kila baada ya sentensi. Hakuna kitu.

Chakula kilikuwa kimeiva tangu asubuhi, lakini Kagoya alisimama mlangoni pa jiko mwenyewe. Alingoja. Msikiti ulipoadhini adhuhuri, na Magidu aliposwali akarudi, ndipo aliposema, "Pakueni." Sufuria ya malewa ikapitishwa bila kifuniko mbele ya kiti cha heshima, mvuke wa karanga ukamzunguka Gidudu kichwani.

"Mgeni hali?" aliuliza kaka mmoja wa Budondo, mdomo umejaa.

"Amechelewa," alisema Kagoya. "Ni desturi yake."

Gidudu akameza mate, akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Asante," alisema chini chini. "Leo umenisaidia kumzika kweli. Nilikuwa bado nambeba."

Kagoya akamkodolea macho. Ina maana amemchinjia ng'ombe na kumpa zawadi! Kila jiwe alilorusha, huyu mtu amelipokea kama mkate. Angekuwa na ile pilipili, angeimwaga hapo hapo, mbele ya kanisa na msikiti.

Magidu akasimama, akakohoa. "Jambo la mwisho. Marehemu ameacha kiwanja na nyumba. Mrithi wake ni mtoto wake mmoja, Lillian. Kama yuko mtu mwenye haki kubwa kuliko yake, aseme sasa, mbele ya ukoo."

Wamono alitazama mguu wake wa nyama uliofungwa kwenye jani la mgomba, akauvuta karibu. Kaka watatu wa Budondo waliacha kutafuna. Gidudu hakusema neno. Nyumba ikahama mbele ya macho ya watu wote.

"Lillian na aje."

Lillian alikuwa amechelewa kutoka Tororo, ameingia kwa nyuma, mtoto mgongoni. Mama yake alimwambia tu kwamba habari za baba zimefika. Alikuja mbele, mrefu, na juu ya macho yake zilikuwepo nyusi zile zile za kwenye picha, nene, zinakaribia kukutana. Wamono akamsimamisha, akamtaja mrithi, akinamama wakapiga vigelegele.

Kisha Lillian akafanya lile ambalo mama yake hakulipanga, kwa kuwa lilikuwa malezi tu. Alianza kuwasalimu wageni wa mbele mmoja mmoja, kwa magoti, kama binti wa Budondo anavyofunzwa. Alipofika kwa mtawa akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Karibu sana, mgeni. Pole kwa safari. Asante kuja kutuzikia." Akamtazama usoni kwa upole. "Baba yangu ulimjua? Mimi sikubahatika kumjua."

Bakuli likagonga ukingo wa kiti. Likagonga tena. Ule utulivu wote wa mafuta ukapasuka katikati, na machozi yakashuka mahali ambapo nyusi hazikuwepo kuyaficha.

"Mwanangu," alisema Gidudu.

Kaka watatu waligeuka pamoja. "Amesemaje?" Fimbo zikaguswa. "Amemwita nani mwanangu?"

Kagoya alifika kabla yao. Kwa miaka yote ya misumari alikuwa ameisubiri sura hiyo, na sasa aliiona, imefunguka, mbichi. Angeweza kuwaambia kaka zake: ndiye. Wangemvunja pale pale. Lakini mtu akipigwa kama Gidudu, basi Gidudu yupo, na aliyepo ana kiwanja, na aliyepo ana binti. Aliona hayo yote kwa mara moja, na moyo wake ukacheka kicheko kibaya.

"Ni mtu wa dini," aliwaambia kaka zake. "Hao kila mtu wanamwita mwanangu. Padri wenu anawaitaje?"

Kaka wakatazamana, wakarudi kwenye nyama.

Akamwinamia Gidudu, karibu na lile sikio kubwa. "Bwana mtawa, huyo ni mtoto wa marehemu. Kama wewe ndiye, sema mara ya pili."

Gidudu akafungua mdomo. Akazitazama fimbo. Akamtazama Lillian, aliyekuwa bado kwenye magoti, anangoja jibu kwa adabu, na kichanga mgongoni mwake kimetoa mkono kinachezea hewa.

"Sikumjua vizuri," alisema Gidudu.

"Si neno," alisema Lillian. "Wengi wanasema hivyo."

Akainuka, akakung'uta vumbi magotini, akasogea kiti kinachofuata, akapiga magoti kwa mke wa Magidu. Na Kagoya akabaki amesimama hapo katikati, kitenge chake kimetanda, mpaka Gidudu alipoacha kunyoosha shingo kumchungulia Lillian.